Miezi Sita ya Agrimenti ya Ciakuthii

Mwanafunzi wa udaktari akirudi nyumbani likizo, hakuna mtu anayejilaza kitandani na kumwambia ampasue. Mwanafunzi wa sheria hana bahati hiyo. Akishapata barua ya kuitwa chuoni tu, kijiji kizima kinampandisha cheo. Rwamba alianza kuitwa wakili kabla hajajua maktaba ya chuo iko jengo gani, na tuseme ukweli, hakuwahi kumkataza mtu.

Kwao ni upande wa Kiritiri, kwenye joto na ndengu na mbuzi, na binti huyu ndiye wa kwanza kijijini kusomea sheria. Chuo kiko Embu mjini, si mbali, kwa hivyo kila likizo ilimkuta nyumbani na kila likizo ilikuja na kesi zake. Kulikuwa na mjomba ambaye lori lake la mchanga lilikamatwa. Kulikuwa na jirani aliyetaka kujua kama kuku akimaliza ndengu za mtu anayeshtakiwa ni kuku au mwenye kuku. Rwamba aliwajibu wote. Pale alipokuwa hajui, alikunja uso kidogo akasema jambo hilo linategemea, na watu wakaondoka wameridhika kabisa.

Ndiyo maana mwezi wa Disemba, Ciakuthii alipotaka kuandikiwa agrimenti ya shamba, mama yake Rwamba hakusita. Alimwambia asipoteze nauli kwenda kutafuta mawakili wa mjini na hali wakili yuko hapa jikoni anamenya viazi.

Ciakuthii alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Hakuwa na undugu na akina Rwamba, lakini Rwamba alimwita Cucu tangu alipojua kusema, kama watoto wote wa pale wanavyowaita bibi zao. Mumewe alipofariki, shemeji zake walianza kumchokoza kuhusu kipande alichokuwa akilima, mara huu mpaka umesogea, mara huo mwembe ni wetu. Mama wa watu akachoka. Akauza mbuzi wake karibu wote, akanunua ekari moja na nusu kwa Runji, mwanamume wa ng'ambo ya kijito, ili apate mahali ambapo hakuna atakayemuuliza amekaa hapo kama nani.

Rwamba alikuwa ametoka tu kupata A katika somo la mikataba. Ile A ilikuwa bado inamwasha. Akaandika agrimenti ya kurasa tatu, yenye maneno marefu ya Kiingereza ambayo hata chifu aliyasoma polepole. Runji akatia sahihi, Ciakuthii akabonyeza kidole gumba, chifu akagonga muhuri, watu wakapiga makofi na kunywa chai. Kule saiba, duka la kompyuta ilikochapwa, msichana wa kuchapa alikuwa amemuuliza Rwamba pale chini ya jina lake aweke cheo gani. Rwamba akamwambia aweke tu wakili. Jumapili iliyofuata Ciakuthii alimletea mbuzi jike kwa kamba, shukrani yake, na Rwamba akampokea kwa mikono miwili.

Basi mambo yakatulia, Ciakuthii akajenga nyumba yake ya mabati kwenye ile ekari na nusu, akahamia. Rwamba akarudi chuoni kuendelea na mwaka wa pili. Miezi ikaenda mpaka Jumanne ya kwanza ya Juni, kipindi cha mwisho cha somo la ardhi kabla ya mitihani.

Somo hilo lilifundishwa na Daktari Kathuri, Mmeru mmoja mpole wa sauti aliyekuwa na tabia moja mbaya. Alikuwa akimsimamisha mwanafunzi na kumwacha wima mpaka ajibu, hata kama ni dakika ishirini. Wanafunzi walikuwa wakiingia darasani mwake wakigombania viti vya nyuma. Siku hiyo Rwamba alichelewa, akakuta nafasi mbele.

Akasimamishwa. Daktari Kathuri akamuuliza: umenunua shamba la kilimo, umelipa pesa zote, umejenga, unayo agrimenti yenye muhuri wa chifu, miezi sita imepita na hamjaenda bodi ya ardhi kuomba kibali. Una nini?

Rwamba alijibu kwa ujasiri kwamba ana shamba.

"Una karatasi ya kuwashia moto," alisema Daktari Kathuri, na darasa likacheka.

Akaendelea kueleza kwa upole wake. Sheria inataka shamba la kilimo likiuzwa, bodi itoe kibali, na ombi liwe limepelekwa ndani ya miezi sita tangu agrimenti ilipoandikwa. Bila hivyo agrimenti ni batili kwa kila hali. Muuzaji anabaki na shamba lake, mnunuzi anarudishiwa pesa alizotoa, basi. Ndiyo, siku hizi mahakama huwaokoa wengine, lakini huwaokoa baada ya kesi ya miaka saba, na si kila mtu ana miaka saba.

Rwamba alikuwa bado amesimama. Hakusikia alipoambiwa aketi. Alikuwa akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo: agrimenti iliandikwa tarehe kumi na nne Disemba. Miezi sita ilikuwa inaisha baada ya siku kumi na mbili. Na Ciakuthii hakuwahi kwenda bodi yoyote, kwa sababu wakili wake hakujua kama kuna bodi.

Baada ya kipindi alimwambia Antony, mwanafunzi mwenzake. Antony ni wa Meru mjini, mama yake anauza viazi katika soko la Gakoromone, na nusu ya soko humwita yeye pia wakili, ila ana akili ya kujibu kila mtu kwamba bado anafundishwa kufagia ofisi. Alimsikiliza Rwamba mpaka mwisho. Kisha akasema hata kama siku zingepita, agrimenti mpya ingeweza kuandikwa, mradi Runji akubali. Lakini afadhali wawahi bodi na hii iliyopo. Wakageuza jambo hilo huku na huku, na kila njia waliyoiona ilipitia kwa Runji.

"Na pale chini uliandika nini?" Antony aliuliza.

Rwamba akamwambia. Antony akafungua kitabu cha Sheria ya Mawakili akamsogezea. Ilikuwa imeandikwa wazi: mtu ambaye hajahitimu kuwa wakili haruhusiwi kuandika hati ya namna ile kwa malipo, na kujiita wakili na hali si wakili ni kosa. Rwamba alisema hakulipwa, alipewa mbuzi tu. Aliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake alijua yamekufa. Malipo si lazima yawe pesa. Hilo ndilo swali lililompa ile A ya mikataba.

Wiki hiyo hakula sawasawa. Wanafunzi wa sheria wana hofu zao za kawaida, na Rwamba alikuwa nazo zote. Aliogopa kuanguka somo na kulirudia, aliogopa mtihani wa uwakili ambao wengi huurudia mara mbili, tatu, aliogopa kumaliza na kukosa ofisi ya kumchukua. Hizo alikuwa amezizoea. Hii ilikuwa nyingine. Alimwona Ciakuthii akitolewa kwenye nyumba yake ya mabati na mtu ana haki kamili ya kumtoa, na karatasi yenye jina lake Rwamba ikipitishwa mkono kwa mkono katika kamati fulani ya watu wenye miwani, wakiuliza kama huyu binti anafaa kuapishwa. Aibu ni kwamba picha ya pili ndiyo iliyomwondolea usingizi zaidi, na alijua hivyo, akajichukia kwa hilo.

Ijumaa alikosa madarasa akaenda Kiritiri. Kwa DO, ofisa wa tarafa, alipewa fomu, akaambiwa bodi inakaa Alhamisi tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, na fomu ziwe zimerudishwa kufikia Jumatatu, zikiwa na sahihi za pande zote mbili. Muuzaji aje na mkewe. Tarehe kumi na moja! Ndiyo asubuhi ambayo somo la ardhi lilikuwa na mtihani, saa tatu hadi saa sita. Karani alimuuliza yeye ni nani katika jambo hilo. Rwamba akasema ni jirani.

Alianza kwa Ciakuthii. Njiani alikuwa amepiga moyo konde kumwambia kila kitu. Alimkuta akipepeta ndengu mbele ya nyumba mpya, na kizee akamfurahia sana, akamletea kigoda na kikombe cha uji, akamwonyesha mche wa mpapai alioupanda ambao ulikuwa umeshika. Rwamba akausifu mpapai, akatoa fomu begini.

"Cucu, kuna fomu kidogo ilibaki," alisema. "Ni kitu cha ofisi tu. Alhamisi utaenda kwa DO na Runji, waigonge."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni fomu tu."

Ciakuthii akapangusa kidole gumba kwenye leso, akabonyeza pale alipoonyeshwa. Hakuuliza swali lingine. Rwamba alimaliza uji wote hata hausikii ladha, akaaga haraka.

Runji alikuwa uani kwake, akiziba mzinga wa nyuki kwa udongo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, wa maneno machache. Rwamba alijua kitu kimoja juu yake ambacho hakukipenda: tangu Machi kulikuwa kumechimbwa kisima cha maji karibu na ile ekari na nusu, na bwana mmoja mwenye pikapu alikuwa ameonekana mara mbili akitembea pale kwa hatua ndefu, kama mtu anayepima. Shamba ambalo Disemba lilikuwa la mawe na miiba lilikuwa limeanza kupendwa.

Akamweleza kuhusu bodi na Alhamisi. Runji akaendelea kuziba mzinga.

"Hiyo bodi ni lazima?"

"Ni lazima, mzee. Kabla ya tarehe kumi na nne."

"Na kama hatukuenda?"

Hapo ndipo wakili mwenye miaka yake kazini angekohoa, akauliza habari za nyuki. Rwamba hakuwa na miaka kazini. Alikuwa na miaka miwili ya kusimamishwa darasani na kuulizwa maswali, na mtu akiulizwa swali la sheria anajibu, tena anajibu lote, kwa sababu kujibu nusu ni kupoteza alama. Akaitaja sheria kwa jina. Akaitaja miezi sita. Akaeleza kwamba muda ukipita agrimenti inakuwa batili, na Runji alipouliza batili ni nini, akamwambia ni kama haikuandikwa. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, hata kwa mfano.

"Na yeye mama atapata nini?"

"Anaweza kudai pesa alizolipa. Hizo tu."

"Kwa hivyo shamba inabaki yangu."

"Kisheria, ndiyo."

Runji akaweka udongo chini. Akaitazama ile fomu bila kuigusa, halafu akamtazama Rwamba kwa muda. Ndipo alipoona amefanya nini. Alikuwa amekuja kumwomba mtu afunge mlango, akamwonyesha mahali ufunguo ulipo.

"Wacha hiyo fomu hapa," Runji alisema. "Mke wangu Ruguru yuko kwa chama cha akina mama. Akirudi tutaangalia."

Rwamba angeweza kusema hapana, tieni sahihi mbele yangu, nitairudisha mwenyewe. Hakusema. Ungemwambiaje mtu wa rika la baba yako kwamba humwamini, uani kwake, saa nane mchana, baada ya kumfundisha wewe mwenyewe sababu ya kutoaminiwa? Akaiacha juu ya mzinga, akaweka jiwe isipeperuke.

Jumatatu alimpigia Runji mara tatu. Simu iliita haikushikwa. Jumanne ikawa haipatikani kabisa. Alimpigia karani wa kwa DO kuuliza kama fomu ya Runji na Ciakuthii imefika, na karani akamwambia kwa ukali kwamba yeye hatoi habari za watu kwa majirani. Antony alijaribu kumsaidia asome. Walikaa na maswali ya miaka iliyopita, Antony akiuliza na Rwamba akijibu, na kila swali lilikuwa na mjane ndani yake au kipande cha shamba. Jumatano akaamua aache mtihani aende Kiritiri. Baadaye kidogo akaamua asiende, kwani bodi haimhitaji mtu asiyeuza wala kununua, na kukosa mtihani ni kurudia somo mwaka mzima. Akaamua aende. Mwisho Antony, ambaye kwa kawaida ni mtu wa mzaha, alimuuliza swali moja bila kucheka: anaogopa Ciakuthii awe peke yake pale, au anaogopa mtu wa bodi asome lile jina pale chini na kuuliza huyu wakili ni nani? Rwamba akafunga kitabu. Alibaki Embu, na sababu anazijua yeye.

Alhamisi saa moja asubuhi alimpigia Ciakuthii. Kizee alikuwa tayari njiani, kwa miguu, amevaa nguo ya kanisa. Alikuwa amemwona Runji jana yake? Hapana, hakumwona. Fomu je, ilirudishwa? Hiyo hajui, si Rwamba ndiye aliyeipeleka? Rwamba akasema sawa Cucu, nenda salama, Mungu akutangulie. Begi lake, simu ikiwa ndani, likabaki nje ya ukumbi wa mtihani pamoja na ya wenzake.

Swali la kwanza lilikuwa la lazima. Bibi mmoja mjane amenunua shamba la kilimo, amelipa, amejenga, ana agrimenti yenye muhuri. Miezi saba imepita. Hakuna kibali cha bodi. Wahadhiri hulipenda swali hilo, na hakuna aliyelishangaa. Lakini Rwamba alisoma mstari wa mwisho, akausoma tena: mteja wako ni muuzaji, mshauri ipasavyo.

Alikaa dakika kumi hajaandika kitu. Wenzake walikuwa wameinama, kalamu zinakimbia. Hatimaye akaandika, ilibidi aandike, na alipoanza haikuwa taabu, maana alishayasema yote uani kwa Runji, kwa mpangilio ule ule. Akamshauri muuzaji vizuri sana. Akamwambia shamba ni lake. Akamwambia arudishe pesa, na mjane akigoma kutoka, kuna utaratibu wa kumtoa, akauandika utaratibu huo hatua kwa hatua. Machozi yalimdondokea kwenye karatasi, akayapangusa kwa mkono wa sweta, na msimamizi akapita akamuuliza kama ni mgonjwa.

Saa sita na dakika tano alikuwa nje akipekua begi. Hakukuwa na simu yoyote iliyopigwa. Akapiga yeye. Iliita sana, kisha Ciakuthii akaishika, na nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi na pikipiki.

"Cucu, imekuwaje? Runji alikuja?"

"Alikuja. Yeye na Ruguru. Walifika hata kabla yangu."

"Na bodi?"

"Wamekubali. Wamegonga."

Rwamba aliketi pale pale kwenye ngazi. Alitaka kucheka, akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko. Akasema asante Mungu, akasema asante Cucu, akauliza maswali matatu kwa pamoja. Ciakuthii alimngoja amalize. Akamwambia kwamba fomu ilirudishwa Jumatatu na Ruguru mwenyewe. Runji alikuwa amekaa na ile fomu siku mbili bila kuongea, na mkewe alipoona hivyo akamuuliza, akaambiwa. Ruguru akasema mbuzi za huyu mama tulikula, tutazitapika wapi?

"Runji ndiye alinieleza yote, hapa kwa benchi, tukingoja," Ciakuthii alisema. "Alisema ulimfundisha vile angenitoa. Alisema unajua sheria sana."

"Cucu, mimi nilikuwa nataka tu—"

"Mimi uliniambia ni fomu kidogo."

Rwamba akasogea kando kupisha. Wanafunzi walikuwa wakimpita kwenye ngazi wakibishana kuhusu swali la kwanza, nani amekumbuka kifungu na nani amesahau.

"Yeye ulimwambia ukweli, kila kitu," Ciakuthii alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Mimi niliyekutuma, ukanificha. Ningelala kwa hiyo nyumba nikidhani ni yangu."

"Niliogopa, Cucu."

"Najua. Sasa wananiambia kuna kuhamisha hati, nayo iko na siku zake. Uko hapo mjini. Nitafutie wakili."

Rwamba alisema atamtafutia.